Sridevi kabla ya Bombay: waongozaji wanne wa Kitamil na msichana aliyejua kunyamaza

#1 Mtazamaji wa Zamani

Wakuu, salaam.

Kila jina la Sridevi, mwigizaji wa filamu wa India, linapotajwa humu, mazungumzo huanza na yule mwanamke-nyoka wa Nagina (1986), hupitia Mr. India (1987), hufika Chandni (1989), kisha watu hukumbushana habari za kifo chake Dubai mwezi Februari 2018, na mada huishia hapo. Sina ugomvi na filamu hizo. Mimi mwenyewe nilizitazama katika kanda za video zilizochakaa kiasi kwamba mistari myeupe ilikuwa ikikatiza uso wa stelingi kila baada ya dakika chache, na bado nilitoka machozi. Lakini naona tunamsimulia mtu huyu kuanzia katikati. Alipopata umaarufu Bombay (Mumbai ya leo), kitovu cha filamu za Kihindi, kwa Himmatwala mwaka 1983, alikuwa tayari ameigiza kwa zaidi ya miaka 15, na sehemu nzito ya kazi hiyo aliifanya Madras (Chennai ya leo), kwa Kitamil.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963 katika kijiji cha Meenampatti, karibu na Sivakasi, mji wa viwanda vya fataki na viberiti kusini mwa Tamil Nadu. Baba yake alikuwa mwanasheria Mtamil, na mama yake Mtelugu. Akiwa na umri wa miaka 4 alivalishwa kama Murugan, mungu ambaye Watamil wanampenda kuliko wote, akasimamishwa mbele ya kamera. Tangu hapo hakutoka. Studio za Madras wakati huo zilikuwa zikitengeneza filamu za Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada chini ya paa moja, hivyo mtoto aliyekuwa na kipaji angeweza kuigiza kwa lugha moja asubuhi na kwa nyingine jioni. Hakusomea uigizaji popote. Darasa lake lilikuwa mahali pa kupigia picha.

Ninachotaka kukitetea katika uzi huu ni jambo moja tu. Kipaji kikubwa cha Sridevi hakikuwa ngoma wala urembo, ambavyo Bombay ilivinunua kwa bei ya juu, bali uwezo wa kubaki kimya mbele ya kamera huku mtazamaji akijua kila kinachompitia moyoni. Uwezo huo ulikuzwa kati ya mwaka 1976 na 1982 katika kazi aliyoifanya na waongozaji wanne: K. Balachander, Bharathiraja, Mahendran na Balu Mahendra. Nitaeleza kwa awamu, kwa hiyo naomba subira.

#2 Mtazamaji wa Zamani

Tuanze na Balachander, kwa sababu ndiye aliyemtoa katika utoto.

K. Balachander aliwahi kuwa karani katika ofisi ya mhasibu mkuu wa serikali mjini Madras, akiandika michezo ya jukwaani baada ya saa za kazi. Alipohamia kwenye filamu aliingia na tabia za jukwaa: mazungumzo makali, familia zilizokwama katika mafundo yasiyofunguka, na wanawake ambao ndio kitovu cha kisa. Mwaka 1976 alitengeneza Moondru Mudichu, yaani mafundo matatu, yale ambayo bwana harusi wa Kitamil humfunga nayo bibi harusi uzi wa ndoa shingoni. Sridevi alikuwa na miaka 13. Wenzake walikuwa Kamal Haasan, aliyekuwa amekwisha kupata jina, na Rajinikanth, ambaye Balachander huyo huyo alikuwa amemtambulisha kwa watazamaji mwaka mmoja tu kabla.

Kuna tukio la ziwani ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Watu watatu wako katika mashua. Selvi, ambaye ni Sridevi, na mpenzi wake Balaji, ambaye ni Kamal, wanaimba. Prasad, ambaye ni Rajinikanth, anapiga kasia na anamtamani Selvi kwa siri. Balaji anateleza na kuanguka majini, naye hajui kuogelea. Selvi anamsihi Prasad amwokoe, na Prasad anaendelea kupiga kasia taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea, kisha anamalizia wimbo yeye. Wimbo huo ulitungwa na mshairi Kannadasan kwa mtindo ambao Watamil wanauita antadi: neno linalofunga mstari ndilo linalofungua mstari unaofuata. Wapenzi wa ushairi humu wataitambua mara moja, kwa sababu ni pindu yetu hasa, ile ambayo wengine huiita mkufu au nyoka. Na pindu hapo si pambo, kwani mwuaji anaweza kuupokea wimbo wa marehemu pale pale ulipoishia bila mshono kuonekana.

Baadaye Selvi anaingia kazi ya kulea watoto katika nyumba ya mjane mwanamume, na mjane huyo kumbe ni baba yake Prasad. Anakubali kuolewa naye. Siku Prasad anaporudi nyumbani, anamkuta msichana aliyemtamani amekuwa mama yake wa kambo. Kuanzia hapo filamu inamtaka mtoto wa miaka 13 awe na mamlaka ya mama juu ya mwanamume mzima, na Sridevi analitimiza hilo kwa kutofanya karibu lolote: anamtazama, anamwita mwanangu, anageuka na kuondoka.

#3 Bint Ngamiani

Mleta uzi, ahsante kwa kazi nzuri, lakini kabla hujaendelea naomba nikusimamishe. Umeandika "miaka 13" mara mbili kwa utulivu kabisa, kana kwamba unataja namba ya kiatu. Mtoto wa umri huo anaigiza mchumba, kisha mke wa mtu mzima, kisha mama wa kambo wa mwanamume anayemtamani, na wewe unauita ukuaji wa kipaji. Mwaka uliofuata akaigiza msichana anayerubuniwa na daktari. Je, mtu asiyeweza kukataa anaweza kuitwa mshirika? Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba alitumiwa vizuri na watu waliojua kazi yao.

#4 Mtazamaji wa Zamani

Dada, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli kwamba mwaka 1976 neno ushirika linakuja mapema mno. Mama yake ndiye aliyekuwa akiongozana naye kazini na kusimamia mikataba; shule aliiacha; na mazoezi ya Moondru Mudichu, kwa maelezo ya Kamal Haasan mwenyewe, yalifanyika kwa yeye kupewa jukumu la kumpitisha Sridevi kwenye maneno na mienendo kwa niaba ya Balachander. Huyo ni mwanafunzi, tena mwanafunzi ambaye hakuchagua shule. Kama tungekuwa tunaandika historia ya haki za watoto katika filamu za kusini mwa India, ukurasa huu ungesomeka kwa rangi nyingine kabisa.

Ninachokiomba ni kwamba tutofautishe mwanzo wa uhusiano na ulikofika. Alipofika miaka 17, mwaka 1980, alikuwa anafanya chaguo zinazoonekana dhahiri ndani ya tukio, chaguo ambazo mwongozaji hawezi kumfanyia mtu. Nitalionyesha hilo nikifika kwa Mahendran. Usipolikubali, nitakuelewa.

#5 Mtazamaji wa Zamani

Sasa Bharathiraja, na hapa nitakaa.

Mpaka katikati ya miaka ya sabini, kijiji katika filamu nyingi za Kitamil kilikuwa kitu cha kujengwa ndani ya studio: kisima cha mbao, mti wa plasta, mwezi wa taa. Bharathiraja alitoka upande wa Theni, magharibi mwa Madurai, na alijifunza kazi akiwa msaidizi wa mwongozaji wa Kikannada, Puttanna Kanagal. Filamu yake ya kwanza, 16 Vayathinile (1977), yaani katika umri wa miaka 16, aliipiga nje, kwenye vijiji vya kweli, kwa jua la kweli. Mpigapicha alikuwa P. S. Nivas, muziki ulitungwa na Ilaiyaraaja ambaye naye alikuwa bado mgeni, na wahusika wakuu walikuwa wale wale watatu wa ziwani: Sridevi, Kamal na Rajinikanth. Ila safari hii stelingi aliyezoea suti alivalishwa kitambaa kiunoni, akatafunishwa tambuu na kupewa mguu unaoburura.

Sridevi ni Mayil, jina lenye maana ya tausi. Amefaulu mitihani, anataka kuwa mwalimu, na ndotoni anaolewa na bwana wa mjini mwenye koti na suruali. Chappani (Kamal), ambalo ni jina la kumkejeli mtu anayechechemea, anampenda na anatumwa na kijiji kizima. Daktari wa mifugo anakuja kutoka mjini. Mtakuwa mmekwisha kulielewa lililobaki: daktari hakutaka mke, alitaka kitu kingine, na alipokosa akaenda kuoa kwingine. Mama yake Mayil akafa kwa fedheha na maneno ya watu.

Kinachonishangaza ni sehemu inayofuata, ambayo mwongozaji mwingine angeiharakisha. Mayil, aliyekuwa akimdharau Chappani, anabaki na yeye tu. Haombi radhi kwa hotuba. Anaanza kumwita kwa jina lake halisi, Gopalakrishnan. Anamnyoosha nguo. Kisha anamwambia kwamba mtu yeyote atakayemwita Chappani ampige kofi. Chappani analichukulia agizo hilo kama sheria ya serikali, na anapomzaba kofi Parattai, mhuni wa kijiji anayeigizwa na Rajinikanth, ukumbi mzima unatakiwa kushangilia. Lakini angalieni kamera inakokwenda baada ya kofi: inakwenda kwa Sridevi. Uso wake una fahari, na chini ya fahari kuna hofu, kwa kuwa anajua kofi hilo litalipwa. Hakuna neno. Na kweli linalipwa: Parattai anakuja usiku kumvamia, Chappani anamuua kwa jiwe, na kupelekwa jela.

Filamu nzima tunaitazama kutoka kituo cha reli. Mwanzoni tunamkuta Mayil amesimama akingoja treni, kisa kinasimuliwa kwa kurudi nyuma, na mwishoni tunamwacha pale pale akingoja mtu anayetoka kifungoni. Mtu anayengoja hana la kufanya. Ni msichana wa miaka 14 na reli mbili, na bado filamu inasimama.

Mwimbaji S. Janaki alipata tuzo yake ya kwanza ya taifa kwa wimbo aliomwimbia Mayil, ule wa mashambani akiwa katika sketi ndefu na kitambaa cha begani ambacho wasichana wa Kitamil huvaa kabla ya kuhamia kwenye sari. Mimi naamini tuzo hiyo ina fungu la Sridevi pia, kwa sababu sauti na uso vimeshonwa pamoja mno. Lakini hayo ni maoni ya shabiki.

#6 Mzee wa Reli

Mimi sikuwa na habari kabisa za filamu hii, na nimeitafuta jana usiku baada ya kusoma. Naomba kuuliza: hiyo ilifanikiwa kwa sababu ya mwongozaji, au kwa sababu ya wale wanaume wawili ambao baadaye walikuja kuwa wafalme wa Madras? Mara nyingi tunampa mwigizaji wa kike sifa baada ya kufa, lakini wakati ule bango lilikuwa la wanaume.

#7 Mtazamaji wa Zamani

Mzee wangu, swali lako lina jibu ambalo halihitaji kubahatisha, kwa sababu filamu hii ilitengenezwa zaidi ya mara moja.

Mwaka 1978 K. Raghavendra Rao aliitengeneza upya kwa Kitelugu, na Mayil akabaki Sridevi. Mwaka 1979 Bharathiraja mwenyewe aliipeleka kwa Kihindi kwa jina la Solva Sawan: mwongozaji yule yule, Sridevi yule yule, ila nafasi ya Kamal ikachukuliwa na Amol Palekar. Ikaanguka. Kwa hiyo unaweza kusema kwamba siri ilikuwa Kamal. Lakini sioni hivyo. Palekar ni mwigizaji mzuri sana. Kilichokosekana ni kijiji chenyewe: lahaja ambayo Bharathiraja aliisikia tangu utotoni, namna watu wanavyochuchumaa, tusi linalouma kwa Kitamil na kupoa likitafsiriwa. Na Sridevi alikuwa hajakimudu Kihindi. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akiingiziwa sauti ya mtu mwingine katika filamu za Kihindi, na ni katika Chandni, mwaka 1989, ndipo watazamaji wa Kihindi walipomsikia kwa sauti yake. Ukimya wa mtu unasomeka vizuri tu pale ambapo usemi wake pia ni wake.

Mnikumbushe neno hilo tukifika kwa Balu Mahendra, kwa kuwa yeye alirudia jaribio hilo hilo na kupata jibu tofauti kidogo.

Kuhusu Bharathiraja niongeze tu kwamba mwaka 1978 alimpa Sridevi Sigappu Rojakkal, filamu ya mwuaji wa wanawake, ambamo yeye ni muuzaji katika duka la nguo anayeolewa na tajiri na kuanza kugundua siri za nyumba aliyoingia. Ni filamu yenye ustadi, na nusu ya pili ni karibu macho ya Sridevi peke yake yakitembea katika vyumba. Siipendi sana, kwa hiyo napita.

#8 Mwalimu wa Tarbia

Nimefuatilia kwa makini, na naomba nilete upinzani wa aina nyingine. Kama mada ni ushirika wa muda mrefu kati ya mwigizaji wa kike na mwongozaji wa Kitamil, basi mleta uzi amechagua mtu asiyefaa. Mtu anayefaa ni Saritha.

Balachander alimwibua Saritha akiwa bado msichana wa shule na kumpa nafasi kuu katika Maro Charitra (1978), filamu ya Kitelugu ambayo ilionyeshwa katika ukumbi mmoja wa Madras kwa zaidi ya siku 500 bila kutafsiriwa kwa Kitamil. Baada ya hapo walifanya pamoja filamu moja baada ya nyingine. Hakuwa mweupe wa ngozi, hakuwa na umbo ambalo watengenezaji walilitaka, na sauti yake ilikuwa nzito. Balachander alivichukua vyote hivyo kama mtaji. Katika Thanneer Thanneer (1981), iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Komal Swaminathan, yeye ni Sevanthi katika kijiji cha Athipatti ambacho hakina maji. Anatembea mwendo mrefu na mtungi. Mumewe ni askari polisi, yaani ni mkono wa ile ile serikali inayokinyima kijiji maji, na ndoa yao inabeba mgogoro wote bila mtu kutoa mhadhara. Filamu ilipata tuzo ya taifa. Mwaka 1984 wakafanya Achamillai Achamillai, ambamo mke anamtazama mume mwadilifu akiozeshwa na siasa kidogo kidogo, nayo ikapata tuzo ya taifa pia.

Kabla yake alikuwepo Sujatha, ambaye Balachander alimpa Aval Oru Thodar Kathai (1974), kisa cha mwanamke mfanyakazi anayelisha ukoo mzima hadi anasahau kuishi. Hawa ndio washirika. Sridevi alikuwa mgeni mwema aliyepita katika nyumba nyingi.

#9 Mtazamaji wa Zamani

Mwalimu, umenibana, na nimefurahi. Kuhusu Saritha nakubali kila neno, na nitaongeza kwamba sauti hiyo nzito baadaye iliingizwa katika midomo ya waigizaji wengine wengi wa kike wa kusini, kiasi kwamba kuna kizazi kilichomsikia Saritha miaka mingi bila kumwona.

Lakini tofauti uliyoigusa ndiyo hasa ninayoitaka. Balachander na Saritha ni ushirika wa usemi. Wanawake wa Balachander hujieleza. Hata wakiwa kimya unahisi sentensi inakuja, na mara nyingi inakuja kweli, tena kali. Pamoja na Sridevi alifanya kitu ambacho kwa kawaida hakukifanya. Katika Varumayin Niram Sivappu (1980), filamu ya vijana wasio na ajira mjini Delhi, kuna wimbo ambao Sridevi anatoa mahadhi bila maneno na Kamal anatakiwa kuyatia maneno papo hapo. Yeye anaguna, anahumu, anabadilisha mwendo ili amtege. Kamal anajibu kwa mashairi. Tazameni nani anaongoza. Mwandishi ambaye maisha yake yote yalikuwa maneno alimpa mwanamke huyu sauti isiyo na maneno, na akamfanya mwanamume mwenye maneno awe ndiye anayefuata. Kisha akaipiga filamu hiyo tena kwa Kitelugu, Aakali Rajyam, na Kamal na Sridevi wale wale.

Na hilo la "mgeni katika nyumba nyingi" nalipokea kama sifa. Waongozaji hawa walikuwa wakitazamana. Mmoja akionyesha kwamba msichana huyu anaweza kubeba tukio bila kusema, mwingine alimpa tukio refu zaidi.

#10 Mtazamaji wa Zamani

Bint Ngamiani, nilikuahidi Mahendran.

Mahendran alikuwa mwandishi wa michezo ya filamu ambaye alichoshwa na kelele za filamu alizoziandika mwenyewe. Alipopata nafasi ya kuongoza, akaanza kupunguza: maneno, machozi, muziki. Johnny (1980) kwa nje ni filamu ya biashara, na Rajinikanth anaigiza watu wawili wanaofanana, mwizi na kinyozi. Lakini moyo wake ni Archana, mwimbaji wa jukwaani anayeishi peke yake.

Kuna tukio ambalo Archana anamwambia Johnny kwamba anampenda na anataka waoane. Ni mwanamke anayeanza kusema, katika filamu ya Rajinikanth, mwaka 1980. Johnny anasita, kwa sababu anaijua kazi yake ya wizi na Archana haijui. Archana anakutafsiri kusita kule kwa namna yake: anadhani anakataliwa kwa kuwa ni mwanamke wa jukwaani. Kwenye karatasi hilo ni tukio la kilio. Sridevi halii. Anaendelea kuongea kwa adabu, kwa kasi kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayekunja nguo haraka mgeni asione zimechanika. Kasi hiyo ndiyo chaguo ninalolisema, dada. Mwongozaji anaweza kukuambia usilie. Hawezi kukupa mwendo wa pumzi.

Mwishoni Archana anatoa onyesho la wazi akitumaini Johnny anayesakwa na polisi atamsikia na kuja. Mvua inanyesha. Wasikilizaji wanatawanyika wakikimbilia pa kujikinga, na yeye anabaki akiimba mbele ya uwanja mtupu, sari imelowa na kugandamana. Wimbo ni wa Ilaiyaraaja, sauti ni ya S. Janaki.

#11 Bint Ngamiani

Nimelitazama hilo la uchumba mara tatu sasa. Bado siondoi neno langu kuhusu mwaka 1976. Lakini nimeona ulichokiona kuhusu pumzi, na kuna kingine hukukitaja: wakati Johnny anajibu hatimaye, Sridevi hamtazami usoni.

#12 Mtazamaji wa Zamani

Umenipita. Sikukiona.

Nimalizie na Balu Mahendra. Alizaliwa Sri Lanka, akasomea upigaji picha katika chuo cha filamu cha Pune, na hata alipokuwa mwongozaji aliendelea kushika kamera mwenyewe. Alipenda mwanga wa dirishani na ukungu wa milimani. Moondram Pirai (1982), yaani hilali ya siku ya tatu, ilimpatia tuzo ya taifa ya upigaji picha, na Kamal Haasan tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Sridevi alipata ya jimbo. Hilo lilinikera siku nilipolijua na linanikera leo.

Kisa chenyewe: Bhagyalakshmi anapata ajali ya gari na kumbukumbu yake inarudi utotoni. Anaangukia danguroni, ambako mwalimu aitwaye Srinivasan (Kamal) anamkuta, anamwonea huruma na kumchukua hadi kwake Ketti, karibu na Ooty. Anamlea. Anamwita Viji. Wana mtoto wa mbwa aitwaye Subramani. Mwanamke mzima anayeigiza mtoto ni mtego ambao waigizaji wengi hunasa, kwa kuwa wanaigiza utoto wenyewe: kudeka, kuruka, kidole mdomoni. Sridevi anavifanya baadhi ya hivyo, siwezi kukana, na kuna dakika ambazo zimezeeka vibaya. Lakini mara nyingi anachokiigiza ni umakini wa mtoto: namna mtoto anavyokishughulikia kitu kimoja tu hadi dunia nyingine inafutika. Nadhani mtu aliyefanya kazi tangu ana miaka 4 alikuwa na deni la utoto la kulichota humo, ila hiyo ni dhana yangu.

Mwaka 1983 Balu Mahendra aliipiga upya kwa Kihindi, Sadma, akiwa na Kamal na Sridevi wale wale. Hapa jaribio la Solva Sawan linapata jibu lake. Sadma haikufanya biashara kubwa, lakini haikuvunjika mikononi, na wengi wetu upande huu wa bahari tuliijua hiyo bila kujua kwamba ina mama. Mhusika aliyesahau maisha yake hana lahaja ya kupoteza.

#13 Mzee wa Reli

Jina langu humu si la bure. Nimetumikia reli miaka mingi, kwa hiyo mniwie radhi nikitazama treni kuliko waigizaji. Nimezitazama 16 Vayathinile na Moondram Pirai kwa siku mbili mfululizo. Zote mbili zinaishia stesheni. Hilo ni bahati tu, au Balu Mahendra alikuwa anamjibu mwenzake?

#14 Mtazamaji wa Zamani

Mzee wangu, sina ushahidi wa kwamba alikuwa anamjibu. Ninachoweza ni kuziweka pamoja kama ulivyofanya.

Katika ya kwanza, Sridevi ndiye anayengoja na mwanamume ndiye asiyefika. Katika ya pili, matibabu yamefaulu, kumbukumbu imerudi, na miezi yote ya Ketti imefutika. Wazazi wake wamemfuata na amekaa dirishani katika behewa. Srinivasan anakuja akikimbia katika mvua, ameumia, ana matope, anamwita. Hamjui. Ndipo anapoanza kumfanyia michezo yote aliyokuwa akimchekesha nayo nyumbani: anaruka kama nyani, anajitwika chungu kichwani, anajipindua huku akichechemea. Watu wanamsifu Kamal kwa hapo, na wana haki. Lakini jaribu kulitazama tena ukimfunika Kamal kwa kiganja na kumwacha Sridevi peke yake. Anamwona mwendawazimu, au ombaomba. Uso wake una huruma ya kawaida kabisa, ile tunayompa mtu wa barabarani na kuisahau kabla hatujafika kona. Kama angeweka hata chembe ya kumtambua, kama macho yangesita nusu sekunde, sisi tungepata faraja na filamu ingekufa. Hakusita. Alikuwa na miaka 18.

Treni inaondoka. Kamera haipandi naye. Inabaki nje, na Srinivasan anakwenda kukaa kwenye benchi la stesheni, mvua ikiendelea kunyesha.